Nyasi Ndani ya Kengele

Juzi, pale Munigi, niliona mbuzi mwenye kengele shingoni, nikacheka peke yangu barabarani.

Nilikumbuka mchana mmoja kwa rafiki yangu Neema, kule Rutshuru, msimu wa kuwinda. Papa yake alikuwa ametuahidi nyama ya sungura. Mbwa wake alinuka moshi, na kengele ya shingoni mwake ilijazwa nyasi. Nilimuonea huruma, nikazitoa zote. Sikujua kwamba zinanyamazisha kengele mpaka sungura awe karibu.

Mbwa akaingia shambani, kengele ikilia kama ya misa ya Pasaka. Sungura wote wakahama.

“Nani alitoa nyasi?” muzee aliuliza.

Neema aliangalia mukono wangu, bado umezishika. “Ni upepo, papa.”

Nilidhani tumepona, mpaka jioni muzee aliponipakulia chakula mimi wa kwanza.

“Kula maharagi, Upepo.”

Hata leo ananiita hivyo.