Mkono wa Mama Tangi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Tangi hakuvaa glavu. Kila asubuhi, kabla jumba la samaki halijafunguliwa kwa wageni, alikunja mkono wa gauni, akapanda kigoda, akauzamisha mkono mtupu ndani ya tangi namba nne na kumlisha anemoni vipande vya nyama ya kamba. Anemoni ni mnyama, ingawa ukimwona utaapa ni ua: amejishika kwenye jiwe, minyiri yake inapepea, na kila mnyiri una sumu ya kumuua samaki mdogo. Mama Tangi ilimwasha kidogo tu. Alijikuna, akacheka, akaendelea na kazi.

Hadi miezi miwili iliyopita. Siku hiyo mkono ulivimba mpaka kwapani, midomo ikafura, na pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida. Zahanati walimchoma sindano, na daktari hakuzunguka: "Mama, mwili wako umeikataa hiyo sumu. Ikikugusa tena, koo linaweza kuziba kabla hujafika hapa."

Alirudi kazini, akanyamaza kama maji mtungini. Hata binti yake hakumwambia. Wangemhamishia mlangoni kukata tiketi, na yeye kazi nyingine hakuijua wala hakutaka kuijua. Tangu hapo alimlisha anemoni kwa koleo refu, akisingizia mgongo. Mgongo wa watu ulibebeshwa mengi.

Sasa kulikuwa na Bibi Harusi. Huyu ni samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe, aliyeishi ndani ya minyiri ileile pamoja na mumewe, kajisamaki kadogo kasiko na sauti nyumbani. Aliugua madoa, akatengwa wiki tano kwenye tangi la matibabu. Jana mtaalamu wa samaki, kijana waliyemwita Miwani, alisema amepona.

"Ila usimwachie hivihivi, mama. Kinachomlinda ni ute wa mwilini, na kwa wiki tano hajamgusa anemoni. Huenda kinga imeisha. Mtie kwenye kitundu cha wavu, ukishikize pale kwenye jiwe, azoee kidogo kidogo."

"Pale ni kwake, mwanangu. Anemoni amsahau mtu wake?"

"Anemoni hana mtu wake. Zamani sana, mababu wa samaki hawa walikuwa samaki kama wengine. Wengi waliosogea pale waliliwa. Wachache ute wao ulikuwa tofauti kidogo, wakapona, wakapata mahali pa kujificha, wakazaa. Ikaenda hivyo vizazi na vizazi. Anemoni naye akafaidika, maana walimfukuzia wanaomtafuna."

"Na wale walioliwa?"

"Hao hawana wajukuu, mama."

Walicheka wote wawili. Lakini maneno hayo Mama Tangi alikwenda nayo nyumbani.

Asubuhi hii alisimama mbele ya tangi, kitundu mkononi. Kukishikiza kulitaka mkono uzame hadi begani, minyiri ikiwa umbali wa kiganja, na glavu za hapo ziliishia kwenye kiwiko. Alipanda kigoda. Akaitazama minyiri, akashuka. Akapanda tena, akashuka tena. Mwishowe akajidanganya kwamba mwenye nyumba hahitaji kusindikizwa, akakiweka kitundu chini na kummwaga Bibi Harusi majini.

Samaki alikwenda moja kwa moja nyumbani. Minyiri ikamnasa ubavuni. Alijipinda, akapiga mkia, ikamnasa na mkia. Mumewe alizunguka pembeni kama aliyepotelewa na ufunguo.

Koleo lenye meno lingemponda. Mama Tangi alikunja mkono wa gauni, mkono ukafika juu ya maji, ukagoma.

"Ingia," aliuambia.

Haukuingia. Aliyasikia tena maneno ya daktari, na hata tone la maji halijamgusa. Bibi Harusi alikuwa akipunguza kupiga mkia. Hofu ilimjaa Mama Tangi, na aibu juu yake.

"Miwani! Njoo! Mimi siwezi!"

Kijana alikuja mbio, akavaa glavu, akamnasua samaki, akamtia kwenye kitundu na kukishikiza kwenye jiwe. Ubavu ulikuwa umebabuka, lakini alipumua.

"Mama, ulikuwa hapahapa. Mbona hukutia mkono?"

Mgongo ulikuwa tayari mdomoni. Akaumeza. Akamweleza yote: uvimbe, sindano, koo.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mtanitoa hapa."

Miwani alifuta miwani yake, ingawa haikuwa na maji. "Itabidi nimwambie meneja."

"Najua."

Ndani ya kitundu Bibi Harusi aligusa kwa ncha ya mkia mnyiri uliopenya kwenye wavu. Akashtuka, akarudi nyuma. Baada ya muda akasogea, akagusa tena.

Mama Tangi alimtazama, mikono ameibana mapajani.

"Huyu atazoea," alisema. "Mpe siku zake. Mimi nieleze, hiyo mashine ya tiketi inawashwaje?"