Gome Lililotangazwa Kanisani

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: je, kirusi kiliacha kuzaana kwa sababu dawa yetu ilikizuia, au kwa sababu seli zenyewe zilikuwa zinakufa? Kirusi hakijitegemei. Hutumia vimeng'enya, vichocheo vya kazi ndani ya seli zetu. Maabara yetu Nairobi ilitafuta kemikali ya kuzuia kimojawapo cha vimeng'enya hivyo katika gome la mti wa Kitui. Matokeo ya kwanza yalipopendeza, daktari mkuu wa mradi alienda Kitui, kanisani kwa kina shangazi yangu, Anti Mwende, akatangaza kwamba dawa ya homa imepatikana kwenye gome hilo. Niliporudia majaribio, hata seli zisizo na kirusi zilikufa.

"Ngoja kwanza," mkuu aliniambia. "Usitie watu hofu."

Ijumaa asubuhi niliondoka kwenda Kitui bila kuaga. Kufikia Malili, njiani, nilikuwa nimemwandikia mkuu ujumbe wa kuomba ruhusa na kuufuta tena na tena. Nilipitia Makueni kwa sababu nilisikia gome limeanza kuuzwa huko.

Mukuyuni, sokoni, nilimkuta mama mmoja akilipanga kwa mafungu.

"Mwaitu, hiyo haijajaribiwa kwa watu," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kikamba. "Mimi nafanya kazi kwa hiyo maabara."

Akawageukia wenzake. "Mnaona? Hata wao wanakuja kununua kwangu."

Walicheka. Nikaondoka.

Kitui nilifika jioni. Ndinda, binti wa Anti, alikuwa na homa, na tangu Jumatano alikuwa akinywa maji ya gome. Alikuwa anatapika. Nilieleza kila kitu, nikaeleza tena.

"Kwa hivyo mlichoma nyumba ndio mwizi akose pa kulala," Anti akasema. "Na huyo daktari wenu tulimchinjia mbuzi."

Alimwaga sufuria nje. Jumamosi tulimpeleka Ndinda hospitali, akalazwa.

Jumapili nilimwomba mchungaji nafasi kwenye matangazo.

"Daktari alikuja na gari la mradi," akasema kwa upole. "Wewe nani amekutuma?"

Nikaenda kuketi. Lakini wakati wa ushuhuda haombwi mtu ruhusa. Nilijua nikisema, sina kazi ya kurudia. Nilijua pia kwamba ukweli unaochelewa huwakuta watu wameshakunywa. Nikasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina," wakaitikia wote.

Nikawaambia lile gome linaua seli za mtu pamoja na kirusi, na kwamba wamwage walichochemsha. Safari hii hakuna aliyeitikia.