Nilimwambia Daktari Mume Wangu Ni Mlevi

Jamani, msinionee huruma. Nilimwambia daktari kwamba mume wangu ni mlevi, na mume wangu hajaonja hata tone la pombe tangu nimjue. Nilisema mbele yake, mbele ya mama yake, na nilisikia raha!

Ilikuwa miaka ile mji wetu wa Likasi umeanguka. Kampuni ya migodi ilikuwa hailipi tena, na mume wangu, fundi wa mitambo, alishinda nyumbani. Mimi niliuza samaki wa ziwa Tshangalele katika soko la Kikula. Tulikula kwa samaki hao.

Mama mkwe hakunipenda tangu siku ya ndoa. Mji mzima ulikuwa umekonda, lakini yeye alimwona mtoto wake tu. Siku moja akanijia sokoni, wateja wamejaa.

"Weye mwanamuke, mutoto yangu iko nakonda! Franga ya samaki unapeleka wapi? Kwa bandugu yako?"

Watu wakacheka. Hasira ilinipanda! Nikaapa moyoni: mama, nitamnenepesha huyo mtoto wako mpaka ukose la kusema.

Nikaanza kumlisha. Bukari, ugali wetu, asubuhi na jioni, tonge kama ngumi. Samaki wa kukaanga, mawese juu yake. Maandazi, chai ya sukari nyingi, soda nikiipata. Akisema ameshiba, namwambia: "Kula, bwana yangu. Unataka mama yako anitukane tena?" Anakula. Alikuwa mtu mpole, jamani.

Mwili ukajaa, tumbo likatangulia. Kila Jumapili tukienda kanisani nilimpitisha makusudi mbele ya mlango wa mama yake. Mama anatuangalia, mdomo kaufunga. Nilikuwa naimba njia nzima!

Kisha mume wangu akaanza kuchoka ovyo. Kwaya aliyoipenda ikaanza kumshinda, akikaa kidogo anasinzia, na chini ya mbavu za kulia anasikia uzito. Tukaenda hospitali. Mama mkwe akatufuata, nani angemzuia?

Daktari alimbonyeza tumbo, akampima damu, akampitisha kwenye mashine ya kuangalia ndani. Kisha akatuita sote watatu.

"Foie, ini yake, imevimba, iko na mafuta mingi," alisema. "Hépatite, ile ya virusi, nilitafuta, haina. Basi, ao ni pombe, ao ni kunenepa na chakula. Kwa mashine, yote mbili inaonekana sawasawa, njo maana nauliza. Bwana amesema hakunywaka. Mama, weye bibi yake, ni kweli?"

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa ameshanigeukia, macho yamemtoka. Nilijua kesho Kikula yote itaambiwa kwamba nimemuua mtoto wake kwa sufuria. Na kitu kingine kikanipanda, kitamu kabisa: mwache yeye ndiye aone haya, yeye aliyemzaa!

"Anakunywaka lutuku, docteur," nikasema. "Anafichaka."

Mama mkwe akashika kichwa. Mume wangu akanigeukia.

"Miye?"

Daktari alikuwa ameona wanaume wengi waliokosa kazi wakimalizwa na pombe hiyo kali ya kienyeji, na wote hukana. Akaniamini mimi. Akamwamuru aache lutuku, na habari ya chakula hakuigusa.

Sasa sikieni ubaya wangu. Niliendelea kupika vilevile! Ningepunguza mafuta, si ningekuwa nimekiri? Mume wangu akazidi kunenepa na kuchoka, nami najua, na mkono wangu unamimina.

Mama mkwe kwa uchungu akaomba kanisa limwombee. Kanisa letu na pombe haviongei. Wakamtoa kwenye kwaya. Tena mlangoni ndugu mmoja alikuwa anamsogelea na kumnusa mdomo kabla ya kumsalimu. Mume wangu anampulizia pumzi taratibu, anuse vizuri, kisha anakwenda kukaa nyuma kabisa. Nami niko kando na Biblia yangu, nimenyamaza!

Mwishowe mama yake akaja kumchukua, amlinde na chupa. Nikamwachia huku nacheka: tuone utamlisha nini! Hakuwa na kitu. Alikuwa na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, bukari kidogo, na shamba upande wa Buluo ambako mume wangu alikwenda kwa miguu, jembe begani.

Miezi ikapita. Tumbo likashuka polepole, nguvu zikarudi. Mama akamrudisha kwa daktari.

"Docteur, tunalala nyumba moja. Huyu hakunywaka. Na bajirani ya kwa bibi yake bote banasema hawakumuona na chupa hata siku moja."

Daktari akauliza upya: alikula nini kwangu, alinenepa lini, amepunguaje. Akampima tena. Akawaambia tangu mwanzo yalikuwa mafuta ya kunenepa, na kupungua huko ndiko kunakomponya.

Mume wangu akaja mezani kwangu sokoni. Suruali imemlegea, macho yana uhai.

"Juu ya nini ulisema ninakunywaka?"

"Juu ya mama yako. Aliniaibisha hapa hapa!"

"Miye njo nilikuwa naumwa," akasema. "Haikuwa mama."

Akaondoka. Kwangu hajarudi tena kulala.

Mama mkwe naye hakosi Jumamosi. Ananunua samaki kwa jirani yangu, anapaza sauti: "Ni ya mutoto yangu, nitamupikia bila mafuta!" Namchukia mpaka leo, sitawadanganya.

Lakini ninyi wenye mgonjwa, daktari akiwauliza, mjibuni kwa ajili ya yule anayeumwa. Na mkisikia mtu ana ini bovu, msikimbilie kumwita mlevi. Kama una hasira na mkwe wako, nenda mkashikane nguo sokoni, watu wawaamulie, kila mtu arudi kwake. Mimi hasira yangu ninayo yote, na mume sina.