Unga wa Kwanza wa Mama

Harufu ya unga wa mtama uliotoka kinuni, ukiwa bado na unyevu wake, hunikaba koo mpaka leo. Wenzangu husema ni vumbi. Si vumbi.

Kwetu Rondo wanawake wa zamani walipomaliza kutwanga walichota unga kidogo kwa vidole vitatu, wakaenda kuumwaga chini ya mti wa tambiko huku wakiwataja marehemu wa ukoo. Mama alibatizwa mimi nikiwa mgongoni. Mti aliuacha, lakini vidole vyake havikuacha. Aliumwaga unga wa kwanza hapo hapo kando ya kinu, akisema polepole kwa Kimwera, kama anayezungumza na mtu aliyeketi kigodani: "Bwana Yesu, huu wa kwanza ni wako. Kaa nasi." Kisha alimpa habari za siku. Mwewe amechukua kuku. Nguruwe wameingia kwenye mihogo. Baba wa mtoto yuko kwenye mashamba ya mkonge huko chini Lindi, na hajaleta hata salamu.

Nilimwuliza siku moja kwa nini asingoje Jumapili, aseme yote kanisani.

"Kwani wewe unakula Jumapili tu?" akacheka.

Nadhani jambo hilo alilitoa kwenye mahubiri. Padri alikuwa amehubiri juu ya mzabibu na matawi yake. Sisi mzabibu hatukuwahi kuuona, kwa hiyo katekista wetu, tuliyemwita Mwalimu, alitwambia tufikirie shina la maboga: tawi likitengana na shina siku moja tu ya jua, limekwisha. Mama alilishika hilo la siku moja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kama tisa, nikijiandaa kwa komunyo ya kwanza. Nilikuwa mtoto wa haya. Shikamoo yangu niliisikia mwenyewe tu. Wazee waliitikia marahaba kwa kunionea huruma. Wiki ya mwisho ya mafundisho, Mwalimu alituuliza mmoja mmoja mbele ya wote: nyumbani kwenu kuna anayetambika? Wenzangu wote walisema hakuna. Tulikuwa tumeonywa kwamba kusema uongo wiki ile ni kumpigilia Bwana msumari mwingine. Nikauona ule unga kando ya kinu. Nikaogopa msumari.

"Mama anamwaga unga," nikasema.

Nilikuwa na sehemu ya pili tayari mdomoni, kwamba anamwagia Yesu. Lakini watoto wakaangua kelele. "Unga! Analisha mizimu!" Mwalimu akainua mkono. "Nyamazeni. Agnesi peke yake amesema kweli. Ninyi wote waongo." Hakuna mtu aliyewahi kunisifu mbele ya watu. Ile sehemu ya pili nikaimeza, kama mtu anavyomeza tonge la moto ili asiliteme mbele ya wageni.

Kesho yake mama aliitwa. Alieleza maneno yake yote, na kwamba mti alikwisha kuuacha.

"Mama Agnesi," Mwalimu akasema, "kila mtambikaji ana jina zuri la kuweka juu ya unga wake. Mtoto wako mwenyewe kasema." Akanigeukia. "Anamwaga au hamwagi?"

Mama akanitazama. Hakunikazia macho. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea, amepiga hatua moja, unangoja ya pili.

Nikaona gauni langu la komunyo, la kitambaa cha amerikani, ambalo bado lilikuwa na sindano yake kwenye pindo. Nikaona Jumapili inaniponyoka.

"Anamwaga," nikasema.

Mama akatengwa na sakramenti.

Jumapili aliniosha miguu, akanivika lile gauni, akanisindikiza mpaka mlangoni pa kanisa. Yeye akaketi nje, barazani, pamoja na wanaume wenye wake wawili. Wanawake waliokuwa wakiingia walimtania: "Mizimu yako inakula unga mkavu, mama Agnesi? Hata mboga huipi?" Akasogeza miguu kuwapisha. Mimi nilipokea. Ile hostia iliganda kwenye kaakaa, nami nikangoja utamu ambao tulisimuliwa. Kwa dirisha nilimwona mama, midomo yake ikicheza.

Mchana ule alitwanga. Akachota kwa vidole vitatu, akamwaga, akasema maneno yake bila kupunguza hata moja. Safari hii aliongeza: "Na mtoto huyu, usimwache."

Hakuniuliza kitu, siku ile wala siku nyingine. Alikuwa na msemo wake: neno ukilimeza zima, halishuki. Hakuwahi kunitupia msemo huo, na laiti angenitupia.

Miaka sita aliketi barazani, jua na mvua. Homa ikamchukua wakati wa masika, akazikwa nje ya uzio wa makaburi ya misheni. Mwalimu, ambaye sasa alikuwa na mvi, alikuja kwa heshima ya jirani tu. Akauliza kama kuna mwenye neno juu ya marehemu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka watu wakaanza kuondoka.

Zamani nilidhani mama ndiye tawi lililokatwa, na mimi niliyekuwa ndani ndiye niliyekaa kwenye shina. Siku hizi nafungua kinywa kila Jumapili, napokea, narudi nyumbani mkavu. Mama hakuwahi kurudi kutoka kwa Bwana, kwa sababu hakuwahi kuondoka.

Nami natwanga. Nachota kwa vidole vitatu, naumwaga kando ya kinu chake kile kile, nafungua mdomo niseme, na koo linajifunga. Mtu akinichungulia uani atakwenda kusema, "Agnesi anamwaga unga," na kwa kuwa hakusikia neno, hatakuwa na sehemu ya pili ya kumeza.