Kichupa Kilicholala Buchani Kibwezi

Kifurushi kilishushwa Kibwezi Ijumaa jioni, sisi wa maabara tukapata habari zake Jumatatu asubuhi. Aliyepiga simu alikuwa karani wa mizigo wa kampuni ya mabasi.

"Madam, ile kitu yenu ya baridi iko hapa," alisema. "Lakini baridi yenyewe imeisha."

Ndani ya kifurushi hicho mlikuwa na kichupa kidogo kuliko kidole gumba changu, chenye saitokini ya panya. Saitokini ni protini ambazo seli za mwili hutumia kupashana habari: amka, ongezeka, pigana. Hii yetu haikuwa imekamuliwa kwa panya. Maelezo ya kuitengeneza yalitolewa katika jeni ya panya, yakapandikizwa ndani ya bakteria, na bakteria ndio walioifanya kazi hiyo. Halafu ikasafishwa na kukaushwa ikawa unga.

Tuliihitaji ili kukuza seli zinazomeza vijidudu, kutoka kwenye uboho wa mifupa ya panya weupe tunaowafuga. Bila saitokini, seli hizo hufa kabla hazijakomaa. Utafiti wenyewe ulikuwa wa mwanafunzi wetu, binti kutoka Nuu, aliyetaka kujua jinsi kijidudu cha kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi, kinavyojificha ndani ya seli zilezile zinazopaswa kukiua. Kwao Nuu hakuna haja ya kumweleza mtu kala-azar ni nini. Binamu yake mwenyewe aliwahi kuugua, tumbo likavimba kwa sababu ya bandama, mpaka akafikishwa hospitali na kutibiwa.

Panya walikuwa wamefikia umri unaofaa. Muda wa mwanafunzi kukaa kwetu ulikuwa unayoyoma. Kuagiza kichupa kingine kungechukua miezi, naye hakuwa na miezi.

Mkubwa wetu alikuwa Nairobi. Nilipompigia hakusita. "Tupa. Siwezi kujenga utafiti juu ya kitu kilichoota jua."

"Tumejuaje kimeota jua?" nikamuuliza.

"Basi nenda ukaulize."

Karani alinipokea vizuri. Alisema aliona maandishi ya kuweka mahali pa baridi, na kwa kuwa ofisi yake haina hata feni, akakipeleka kwa mwenye bucha jirani. Tukaenda pamoja. Mwenye bucha ni Mwislamu aliyehamia hapa kutoka Garissa, mtu wa sauti kubwa na aproni safi, na alikuwa akipimia wateja wawili nyama ya mbuzi.

"Mama, karibu. Nilikiweka kwa friza hiyo Ijumaa, kwa heshima ya huyu jirani," alisema bila kuacha kukata. "Jumamosi asubuhi mteja akachungulia. Akaona kibandiko kina picha ya panya. Akaniuliza, kwani siku hizi unauza nini? Nikakitoa palepale."

"Hakuna panya ndani," nikasema. "Ni protini tu. Imetengenezwa na bakteria."

Akaweka kisu chini, akawatazama wateja wake. "Mnamsikia? Nilikuwa na shida ya panya. Sasa ameniongezea bakteria."

Walicheka mpaka mmoja akashika kaunta. Nami nilicheka, kisha nikarudi kwenye swali langu: baada ya friza, alikiweka wapi?

Akanionyesha rafu ya chumba cha nyuma. "Hapo. Kitu cha mtu siwezi kutupa. Hakijasogezwa mpaka karani alipokuja kukichukua leo."

Niliweka kiganja juu ya rafu. Palikuwa na joto la kawaida la Kibwezi, lakini dirisha lilitazama ukuta na jua halikufika. Nikakagua kifuniko cha kichupa alichonikabidhi karani: muhuri ulikuwa mzima. Nikampigia tena mkubwa wetu nikiwa palepale, nikampa habari kwa mpangilio wake. Usiku mmoja barafuni. Siku mbili kivulini. Hakijafunguliwa, hakijaguswa na maji. Unga mkavu wa aina hii huvumilia joto kwa siku kadhaa; ukishachanganywa na maji ndipo unapodeka.

"Panya mmoja," alisema mwishowe. "Mjaribu kwa panya mmoja. Seli zikikataa, mnatupa, na binti anarudi chuoni."

Niliporudi maabara, mwanafunzi alikiinua kichupa kwenye mwanga. "Mbona naona hamna kitu?"

"Kimo. Ni kama ukungu tu kwenye kioo. Ukifungua hivyo kitabaki kwenye kifuniko."

Akakizungusha kwanza kwenye mashine ili unga ushuke chini, akatia maji safi yenye albumini kidogo, protini nyingine ya kuikinga, kwa sababu protini kidogo hivyo hupenda kunata kwenye plastiki na kupotea. Kisha akagawa sehemu ndogondogo za kugandishwa, ili kila moja iyeyushwe mara moja tu.

Seli za yule panya tukazipanga kwenye sahani za aina tatu. Za kwanza hazikupewa saitokini. Za pili zilipewa mabaki ya kichupa cha zamani, ambacho tulijua kinafanya kazi. Kilitosha jaribio hilo na si zaidi. Za tatu zilipewa cha Kibwezi. Tukazifungia kwenye kabati la joto.

Wiki hiyo binti hakula vizuri. "Madam, si unichungulilie?" aliniuliza kila asubuhi, nami nilimjibu kwamba macho anayo.

Siku ya kuamua alichungulia mwenyewe. Kwenye sahani zisizo na saitokini alikuta vumbi la seli zilizokufa. Kwenye zile za mabaki, seli zilikuwa zimeng'ang'ania sakafu ya sahani, zimejinyoosha. Alipofika kwenye za Kibwezi alikaa kwenye hadubini muda mrefu. Halafu akarudi kwenye za mabaki, akarudi tena kwenye za Kibwezi.

"Sizitofautishi," alisema.

"Zihesabu. Kwa macho tu mkubwa hataridhika."

Alizihesabu, akarudia, kisha yeye mwenyewe akampigia mkubwa simu. Alimsomea matokeo ya sahani zote tatu, na bila kuulizwa akamweleza habari za rafu, joto na friza ya nyama. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikiuliza swali moja, kisha jingine, naye akajibu yote akiwa amesimama wima.

"Amesema nichukue panya waliobaki," aliniambia, na tayari alikuwa anavaa glavu.