Benchi la Gare Isiyoona Treni

Treni haikuwahi kufika Bunia. Reli iliishia mbali, kule Mungbere, na malori ya kampuni ya reli ndiyo yaliyowachukua watu wetu kuwapeleka huko. Nyumba waliyosubiria malori hayo mji mzima unaiita gare, yaani stesheni ya treni, mpaka leo, na ole wako ujaribu kutusahihisha. Vita vilipotulia, kutulia kwa nusunusu, mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo aliinunua, akarekebisha paa na kuta ili iwe hoteli, kisha akanipa mimi ukumbi wa kupokea wageni niupambe.

Nilikuwa nimezoea kupamba ndoa na kushona rido, mapazia ya madirisha ya watu. Hoteli sikuwa nimewahi kupata, na sitaficha: niliitaka kazi ile mpaka nikakosa usingizi. Ukumbi ulikuwa jaribio tu. Vyumba vya kulala, ambavyo ndivyo kazi yenyewe, angempa atakayemridhisha.

Nilianza na mlango. Chini ya rangi ya kijani kulikuwa na ya bluu, na chini ya bluu mbao ya libuyu, nyekundu, nzima, haijaguswa na mdudu. Nikaisugua mpaka mikono ikachubuka. Rido nilizishona za rangi ya udongo, maana vumbi letu haliombi ruhusa, na anayetundika rido nyeupe Bunia anapenda sana kufua.

Ugomvi ulikuja kwenye benchi. Lilikuwa benchi la wasafiri, la libuyu vilevile, limeenea ukuta wote wa nyuma, likitazama mlango. Patro, ndivyo nilivyomwita tajiri wangu, alikuwa ameagiza fotei, yale makochi ya mtu mmoja mmoja, za ngozi kutoka Kampala, akataka zikae katikati ya ukumbi kama alivyoona kwenye hoteli za huko, migongo ikielekea mlangoni.

"Mama, ile benchi itoke," akaniambia. "Mugeni analipa dola, hawezi kukaa sawa na mugonjwa mu hopitali."

"Patro, weye mwenyewe, kwako, unakaaka na mugongo ku mulango?"

"Hapa iko hoteli, haiko kwangu!"

Nilikasirika kweli. Baada ya tuliyoyaona, mtu wa Bunia akiingia mahali, macho yake hutafuta kwanza ukuta wa kuegemea na mlango wa kutazama. Hakuna aliyetufundisha. Hata kanisani viti vya nyuma ndivyo vinavyojaa kwanza, wachungaji wamesema mpaka wamechoka.

"Basi tuache vyote," nikamwambia. "Siku ya kufungula, watu watachagula."

"Sawa. Wakikala ku fotei yangu, vyumba nitapatia watu ya Kampala."

Siku ya kufungua nilivaa kitenge changu kizuri, nikakaa mwisho wa benchi. Mgeni wa kwanza akasifia fotei, akaipapasa ngozi, akaizunguka, akaja kuketi ukutani. Wa pili vilevile. Benchi likajaa, watu wakabanana, na fotei zikabaki tupu na harufu yake ya upya. Wazee wawili wa zile pande mbili za vita ambazo hazikuwa zikisalimiana walijikuta magoti yamegusana. Nyuso zilikunjamana, lakini hakuna aliyekubali kuhamia katikati. Chai ilipoletwa, mmoja akasema bila kumtazama mwenzake, "Muzee, nipitishie sukari." Akapitishiwa. Nilitamani kupiga vigelegele, nikajizuia kwa heshima ya wageni.

Patro alikuwa amebaki peke yake katikati. Akaketi kwenye fotei yake, akaweka mguu juu ya mguu, akatabasamu. Mlango ulipolia akageuka. Ukalia tena, akageuka tena. Mwishowe akainuka na kikombe chake, akaja moja kwa moja kwangu.

"Mama, songa kidogo."

Nikasonga. Akajibana kando yangu, akaegemeza mgongo ukutani, akautazama mlango na kushusha pumzi.

"Vyumba," akasema, "utaanza lini?"