Skrubu za Ala ya Verda

Verda Kolterman, mpeleka barua wa mashambani Nebraska, alikuwa akichomoa bastola mara hamsini kila alfajiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kabla hata ya kahawa. Bastola ilikuwa tupu, risasi amezifungia kabatini. Alisimama kwenye chumba cha chini ya nyumba, mikono imelegea, akingoja kipima muda kilie. Kikilia tu, kiganja kinashika mpini palepale, bastola inatoka kwenye ala, ule mfuko wake wa kiunoni, mikono miwili inakutana kifuani na kusukuma mbele. Sekunde moja nukta mbili. Kwa miaka sita muda huo haukupanda wala kushuka.

Mwezi wa Machi, kwenye mashindano ya Jumamosi ya klabu ya kulenga shabaha, ala iling'ang'ania bastola. Mkono ukavuta, mkanda ukapanda nao hadi mbavuni. Royce Petska, aliyekuwa akishika nafasi ya pili kila mwaka, akashinda.

Jumapili Verda akakagua ala, akakuta skrubu zinazoibana bastola ndani yake zimekazwa mno. Akazilegeza. Wiki nzima mambo yakawa sawa. Mashindano yaliyofuata, ala ikang'ang'ania tena.

Nyumbani ni sawa, uwanjani ni shida, na meza ya uwanjani alikuwa akikaa na nani? Na Royce. Alianza kukumbuka vitu. Kwa nini juzi alimletea kahawa ambayo hakuiomba? Kwa nini alicheka vile?

Alhamisi akapaka tone la rangi ya kucha juu ya kila skrubu, ili ikizungushwa rangi ipasuke. Jumamosi, alipotoka msalani, akafungua mkoba wa ala uliobaki mezani. Rangi ilikuwa imepasuka.

"Royce, mkono wako ulikuwa unatafuta nini humu?"

"Humu wapi?"

"Usinifanye mjinga. Unaniharibia ala ili ushinde."

Watu wote kwenye mstari wa kufyatulia wakageuka. Royce akaanza kufunga mkoba wake. "Verda, ni mimi niliyekufundisha kuvaa huo mkanda," akasema. Akabeba vitu vyake, akaondoka bila kufyatua hata risasi moja.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Verda alipaka rangi upya, na alipofika uwanjani akafungua mkoba akiwa bado ndani ya gari, kabla mtu hajausogelea. Rangi ilikuwa imepasuka tayari. Alibaki ameushika usukani. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na Garland.

Sasa akaanza kumchunguza mume wake waliyeishi naye miaka thelathini na nne. Garland akila, Verda anamtazama. Akishuka chini, anasikiliza nyayo. Anataka niache mashindano? Ana jambo na mtu?

Ijumaa ya kabla ya mashindano mengine alikatisha njia ya barua, akarudi saa sita mchana. Garland alikuwa amekaa jikoni na bisibisi, mkanda wenye ala magotini, miwani puani.

"Unafanya nini, Garland?"

"Nakaza hizi. Kila Ijumaa nazikuta zinacheza."

"Zinacheza kwa sababu mimi ndiye ninayezilegeza!"

Garland akavua miwani. "Si ulinisimulia yule jamaa aliyekuwa anakimbia uwanjani, bastola ikamponyoka mbele ya watu? Nikawaza, ikikuponyoka wewe ikiwa na risasi..."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniuliza? Ulimuuliza Royce mbele ya klabu nzima."

Verda akakaa chini. Alitaka kumfokea, lakini alichokiona ni uso wa Royce siku ile.

Jioni aliendesha gari hadi kwa Royce, akamweleza yote mlangoni, pamoja na jina la mkosaji. Royce alisikiliza akiwa ameshika kitasa.

"Basi na uwanjani useme hivyo hivyo," akamwambia. "Kwa sauti ileile."

Alisema, kesho yake, mbele ya watu ishirini, masikio yakimwaka. Siku hiyo alichomoa kwa sekunde moja nukta mbili, akashinda, na wachache wakapiga makofi.

Royce alirudi klabuni mwezi wa Juni. Walisalimiana. Aliketi meza ya pili, akafungua mkoba wake, na kabla ya kwenda msalani akautia kufuli.

Verda aliliona lile kufuli.